Gatsby Alipopewa Sauti

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, ndugu zangu na marafiki mliofika jioni hii, asanteni kwa kunialika.

Mliniomba nizungumzie tamthilia ya muziki iliyotokana na riwaya ya The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, ile iliyofunguliwa rasmi hapa New York tarehe 25 Aprili 2024 katika ukumbi wa Broadway Theatre. Nimeitazama mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda peke yangu, na mara ya pili nilikwenda na binti yangu wa miaka 16, ambaye wakati huo alikuwa akiisoma riwaya yenyewe shuleni, kama wasomavyo vijana wengi wa Marekani. Tulitoka ukumbini tukibishana, tukaendelea kubishana ndani ya treni hadi nyumbani Queens, na mabishano hayo hayajaisha. Kwa hiyo mtasikia hoja zangu na hoja zake, na zake nitazitaja kuwa ni zake.

Kwa ambao hawajaisoma riwaya, kisa ni hiki. Katika kiangazi cha mwaka 1922, kijana aitwaye Nick Carraway anapanga nyumba ndogo Long Island, jirani na jumba la tajiri aitwaye Jay Gatsby, ambaye huandaa karamu kubwa kubwa kwa watu ambao wengi wao hawamjui hata kwa sura. Ng'ambo ya ghuba anaishi Daisy, binamu yake Nick, pamoja na mumewe Tom Buchanan. Gatsby na Daisy walipendana miaka mitano kabla, Gatsby akiwa afisa wa jeshi asiye na kitu, na mali aliyoichuma baadaye, kwa magendo ya pombe katika miaka ambayo sheria ya Marekani ilikataza kuiuza na kwa shughuli nyingine za gizani, aliichuma ili ampate tena. Karamu zote zile ni za kumngoja mtu mmoja aingie mlangoni. Baina ya majumba hayo na jiji kuna bonde la majivu, na humo anaishi mwenye gereji aitwaye George Wilson na mkewe Myrtle, ambaye ni hawara wa Tom. Kiangazi kinapokwisha, Myrtle, Gatsby na Wilson wamekufa, na Tom na Daisy wamefunga mizigo yao wakaondoka.

Matukio hayo yangeenea katika ukurasa mmoja wa gazeti. Kinachofanya kitabu hiki kisomwe miaka mia moja baada ya kutoka ni jinsi Nick anavyotusimulia, na hasa jinsi anavyochelewa kutuonyesha mtu mwenyewe. Mwisho wa sura ya kwanza anamwona Gatsby kwa mbali usiku, amesimama kwenye nyasi, amenyoosha mikono kuelekea maji yenye giza, na huko ng'ambo hakuna kinachoonekana ila taa moja ndogo ya kijani. Nick anageuza macho kidogo; akitazama tena, mtu hayupo. Kisha kurasa nyingi zinapita tukisikia uvumi tu: kwamba aliwahi kuua mtu, kwamba alikuwa jasusi wa Wajerumani, kwamba ana udugu na Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani. Katika sura ya tatu Nick yumo karamuni akizungumza na mwanamume fulani habari za vita, anamwambia kwamba mpaka saa hiyo hajamwona mwenyeji wake, na ndipo yule mtu anapomjulisha kuwa yeye ndiye Gatsby. Jina lake la kuzaliwa, James Gatz, na asili yake ya kimaskini huko North Dakota, tunayapata katika sura ya sita, na sura zote ni tisa. Hata hapo hafunguki mwenyewe. Anafunguliwa na jirani ambaye kwa upande mmoja anavutwa naye, na kwa upande mwingine anadharau karibu kila kitu alichosimamia.

Sasa mchukueni mtu huyo mumpandishe jukwaani, mumwekee na okestra. Watunzi wa Broadway, yaani wa majumba makubwa ya tamthilia ya New York, wana desturi ya miaka mingi kwamba mhusika mkuu, katika sehemu ya kwanza, huimba wimbo wa kueleza anachokitaka kuliko vyote, ili watazamaji wajue wamtakie nini. Jason Howland aliyetunga muziki, Nathan Tysen aliyetunga maneno ya nyimbo, na Kait Kerrigan aliyeandika mchezo wenyewe, wameifuata desturi hiyo. Gatsby, ambaye katika kundi la kwanza la waigizaji alikuwa Jeremy Jordan, anatuambia kwa sauti yake mwenyewe kwamba kila alichokijenga amekijenga kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mama aliyekaa mbele yangu alimshika mwenzake mkono, na hakuuachia mpaka noti ya mwisho ilipozimika. Nami nilisisimka mwili mzima. Lakini makofi yalipotulia nilihisi nimekabidhiwa, kwa dakika chache, siri ambayo riwaya ilinifanya niisubiri kwa sura nne nzima.

Pengine nilihisi hivyo kwa sababu ya masikio niliyolelewa nayo. Mimi ni mtoto wa Tanga, na kwetu wimbo ni mahali pa kufichia jambo. Katika taarabu mwimbaji huimba habari za ua, za njiwa, za chombo kilichokatika nanga, na ukumbi mzima hujiuliza anayeimbwa ni nani. Mama anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji, noti mkononi, akapita taratibu mbele ya kiti cha mtu fulani kabla ya kufika jukwaani, ndiye anayeikamilisha maana, na bado hakuna aliyetaja jina. Aliyelengwa amejua, waliomzunguka wamejua, na kesho hakuna wa kumshitaki mwenzake. Broadway wana imani tofauti kabisa. Kwao mhusika huanza kuimba pale ambapo mazungumzo hayatoshi tena kuyabeba yaliyo moyoni, kwa hiyo wimbo ndio mahali ambapo moyo hufunuliwa wote, na mtu anayeimba peke yake chini ya taa hatumdhanii kuwa anatudanganya.

Imani hiyo imewafaa wahusika wengi wa hadithi. Kwa Gatsby naiona ni hasara, na sisemi hivyo kwa sababu kitabu ni kitakatifu kisichoguswa. Gatsby ni fumbo, na kazi ya msomaji ni kuyumba. Anamwambia Nick kwamba alisoma Oxford, anasema hayo kwa haraka, na Nick anamshuku. Kisha anatoa mfukoni nishani ya Montenegro na picha aliyopiga Oxford, na Nick anaamini yote kwa pamoja. Sisi tunayumba pamoja naye, tunamwamini na kumkana ndani ya ukurasa mmoja, na mpaka mwisho hatuna hakika tumemlilia mtu mwema au tapeli aliyependa kwa dhati. Gatsby anayeimba hamyumbishi mtu. Tunamwamini tangu anapofungua kinywa, na kuanzia hapo hadithi inakuwa habari ya wapenzi wawili waliozuiwa na dunia, habari ambayo ni tamu kuitazama lakini ni ndogo kuliko kitabu.

Binti yangu alinipinga hapo hapo kwenye njia ya kutokea. Aliniambia, "Mama, wewe unaumia kwa kuwa Gatsby amepewa sauti. Wale wanawake waliokuwa hawana sauti tangu mwanzo, mbona huwataji?"

Sikuwa na jibu la haraka, na ilinibidi nirudi kwenye kitabu. Alikuwa na haki. Daisy wa kitabuni tunaambiwa zaidi jinsi sauti yake inavyosikika kuliko anavyowaza. Gatsby mwenyewe anasema sauti hiyo imejaa fedha. Katika sura ya kwanza Daisy anasimulia kwamba alipoambiwa amezaa mtoto wa kike alilia, kisha akatamani mtoto huyo awe mjinga, mrembo na mjinga, kwa kuwa hakuna kinachomfaa mwanamke katika dunia hii kuliko hicho. Nick anamsikiliza, anahisi kwamba maneno hayo hayana ukweli ndani yake, na habari inaishia hapo. Waandishi wa tamthilia wameyachukua maneno yale yale wakayaondoa barazani, mahali pa soga za baada ya chakula, wakayapeleka karibu na mwisho, baada ya ajali na baada ya mauaji, yakawa wimbo wa Daisy peke yake. Kwa Eva Noblezada, aliyeigiza Daisy, maneno hayo hayakuwa tena ubishi wa mwanamke tajiri anayetaka kuonekana ameyajua maisha. Yalikuwa hesabu ya mtu aliyekwisha kufunga mlango kwa ndani, na anajua kwamba ufunguo ameushika mwenyewe.

Myrtle ndiye aliyenishinda kabisa. Kitabuni, Tom anamvunja pua kwa sababu amelitamka jina la Daisy, na Nick analieleza tendo hilo kwa sentensi moja fupi, safi, kana kwamba anaeleza kikombe kilivyoanguka mezani. Siku ya kufa kwake anatoka mbio kwenda barabarani kulikimbilia gari la manjano kwa kudhani aliyemo ni Tom, kumbe usukani umeshikwa na Daisy. Nick hakuwapo, kwa hiyo kifo hicho tunakisikia kwa mdomo wa watu wengine, na kwa muda mrefu maiti inatajwa kuliko alivyotajwa mtu. Jukwaani, Sara Chase, aliyeigiza Myrtle, alipewa wimbo mzima kabla ya kuifikia barabara ile, wimbo wa mwanamke anayeona kwamba mbele yake imebaki njia moja tu, ya kwenda bila kurudi. Ukumbi uliokuwa ukishangilia magari na mavazi ulinyamaza. Nilimtazama binti yangu. Alikuwa ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, mikono imeziba mdomo. Wilson naye anaimba, akiwa na uchungu wake na yale macho makubwa ya tangazo la daktari wa macho lililoko bondeni, macho ambayo ameyageuza kuwa macho ya Mungu. Kwa watu hao watatu, ile imani ya Broadway kwamba wimbo haufichi kitu imekuwa haki yao waliyodhulumiwa kwa karibu karne nzima, kwani aliyewasimulia alikuwa kijana wa tabaka la juu ambaye hakuwahi kuwauliza.

Hivyo basi nalazimika kusema mambo mawili ambayo hayapatani vizuri, na nimeshindwa kuyapatanisha: muziki ule ule umempunguza Gatsby na umemkuza Myrtle.

Kuna jambo jingine ambalo binti yangu hakubaliani nami, nalo ni karamu. Maleba ya Linda Cho yalipata Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya tamthilia za Broadway, mwaka 2024, na aliyeziona shanga zile zikipokea mwanga wakati wacheza dansi wanapogeuka hatauliza kwa nini. Magari yanaingia jukwaani mazima. Picha za maji na anga zinajaa ukuta wa nyuma kiasi cha mtu kuhisi upepo wa ghuba. Uzuri wote huo ni wa Jumamosi usiku. Fitzgerald, kabla hajatuingiza karamuni, anatuonyesha Ijumaa na Jumatatu. Kila Ijumaa, anasema, yanaletwa masanduku matano ya machungwa na malimau kutoka jijini. Kila Jumatatu machungwa na malimau hayo hayo yanatokea mlango wa nyuma yakiwa rundo la maganda matupu. Jikoni mna mashine inayoweza kukamua machungwa 200 kwa nusu saa, mradi kitufe kidogo kibonyezwe mara 200 kwa kidole gumba cha mtumishi. Na siku ya Jumatatu watumishi wanane, akiwamo mtunza bustani wa ziada, wanashinda na matambara, nyundo na mikasi wakitengeneza yaliyoharibiwa usiku.

Ndugu zangu, wengi wetu tuliomo humu tunaijua Jumatatu hiyo. Tumeifanya katika hoteli, katika hospitali, katika nyumba za watu ambao mialiko ya karamu zao hatukuiona. Nilipoisoma sentensi ya kidole gumba kwa mara ya kwanza nilikuwa bado mwanafunzi nyumbani, nikaipita. Niliisoma tena nikiwa nimeishi hapa miaka miwili, nikarudi kwenye basi nikiutazama mkono wangu. Ndiyo maana ninapoona karamu ya Gatsby imepambwa bila kidole hicho, hata kama imepambwa kwa ufundi wa hali ya juu, nahisi nimealikwa kama mgeni mahali ambapo ningependa pia kuonyeshwa mlango wa nyuma. Binti yangu anasema tamthilia ya saa mbili na nusu haiwezi kubeba kila ganda la chungwa. Pengine. Lakini wimbo mmoja wa watumishi, mmoja tu, ungetosha.

Tulirudi kwa treni namba 7. Baada ya kuvuka mto inapanda juu ya reli za angani, inapita Corona, kisha inafika Willets Point, na upande mmoja unaiona bustani kubwa ya Flushing Meadows, ambako Jumapili familia huchoma nyama na vijana hucheza mpira hadi giza. Hapo ndipo palipokuwa na bonde la majivu. Majivu ya makaa ya mawe kutoka majumbani Brooklyn yalimwagwa hapo mpaka yakawa vilima, na vilima hivyo viliondolewa katika miaka ya 1930 ili kutayarisha uwanja wa Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1939. Fitzgerald alikuwa akiishi Great Neck, huko Long Island, kati ya mwaka 1922 na 1924, na safari zake za jijini zilipitia huko. Binti yangu aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha treni akasema, "Kumbe Myrtle ni jirani yetu." Nadhani hiyo ndiyo tathmini ya tamthilia iliyonigusa kuliko zote nilizozisoma.

Wapo wanaouliza kama riwaya ya aina hii iachwe ilale kitabuni. Ukweli ni kwamba haikulala hata mwaka mmoja. Ilichapishwa tarehe 10 Aprili 1925, na Februari 1926 tamthilia ya Owen Davis ilikuwa tayari jukwaani Broadway, ikaonyeshwa mara 112, Fitzgerald mwenyewe akiwa Ufaransa. Kitabu hakikumnufaisha kama alivyotumaini: toleo la kwanza lilikuwa na nakala zipatazo 20,000, likafuata la nakala 3,000, na alipofariki mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 44, zilikuwapo ambazo hazijanunuliwa. Kilichokifufua ni pamoja na nakala zaidi ya 150,000 walizogawiwa wanajeshi wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Hakimiliki yake hapa Marekani ilikwisha tarehe 1 Januari 2021, na kwa hiyo si bahati tu kwamba mwaka 2024 zilitoka tamthilia mbili za muziki: ya pili, yenye muziki wa Florence Welch na Thomas Bartlett, ilionyeshwa Cambridge, Massachusetts. Na lipo kundi la Elevator Repair Service, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiigiza kitabu chote neno kwa neno, mfanyakazi wa ofisini akikisoma kwa sauti mpaka ofisi yenyewe inageuka kuwa hadithi. Ni kazi ya zaidi ya saa sita. Hapo msimulizi hapotei hata kwa dakika moja, na Gatsby anabaki fumbo lake. Lakini Myrtle naye anabaki na sentensi yake moja ya pua iliyovunjwa.

Nimalizie na jambo la lugha, kwa kuwa ndilo lililotukutanisha. Tangu siku ile nimekuwa nikijaribu kuzitafsiri baadhi ya kurasa, na nimekwama kwenye jina. Lile neno la Kiingereza linalomtangulia Gatsby, "Great", lina heshima ndani yake, lakini pia liliandikwa kwenye mabango ya wafanya mazingaombwe wa zamani, waliojitangaza kwa ukubwa kabla ya kumtoa sungura kwenye kofia. Msomaji wa Kiingereza huyasikia yote mawili. Nikisema "Gatsby Mkuu", nimempa ofisi na mhuri. Nikisema "Gatsby Adhimu", nimemtukuza, na hapo nimefanya kile kile ninachoilaumu tamthilia kwa kukifanya, kumwamini tangu mwanzo. Kwa sasa ninaandika "Gatsby wa Ajabu", kwa sababu ajabu kwetu inaweza kuwa ya kustahiwa na inaweza kuwa ya kiinimacho, na mtu anaweza kulitamka neno hilo bila kusema ameamua lipi. Binti yangu analikataa. Anasema litamfanya Gatsby aonekane kama mtu wa sarakasi. Nimemwambia ndivyo hasa.

Nimekuja na kurasa mbili za tafsiri hiyo, ile ya machungwa na ile ya Myrtle akitoka gereji. Kwa idhini yako, Mheshimiwa Mwenyekiti, binti yangu atazisoma, nami nitakaa pale nyuma nimsikilize.